Msamiati wa vita haumtaji mchimbaji
Watoto wetu wa sekondari hapa Kailo, mkoani Maniema, hukariri kwa Kiingereza majina ya bunduki, kifaru, kombora, kikosi na jenerali, na wakariri vizuri. Lakini orodha hiyo ina pengo ambalo mtu wa Maniema hapaswi kulivumilia: mchimbaji hayumo. Japani ilipoiteka Malaya mwaka 1942, Nchi Washirika zilipoteza chanzo kikubwa cha bati zikaigeukia Kongo, na kasiteriti ya mkoa wetu, yaani madini ya bati, ikawa mali ya vita. Kailo ina wolframiti pia, madini yenye metali ngumu inayotengenezewa risasi za kutoboa vifaru. Mwaka huohuo serikali ya Wabelgiji iliongeza kazi ya lazima vijijini kutoka siku 60 hadi 120 kwa mwaka, ikaiita juhudi za vita. Wengine walisukumwa msituni kugema mpira. Askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, waliopigana Saio, Ethiopia, mwaka 1941 wanakumbukwa, na wanastahili; mchimbaji naye akumbukwe. Mwalimu aongeze basi sululu na shuruti kwenye somo lake, kisha awatume wanafunzi kwa wazee wakaulize babu zao walifanyishwa kazi gani miaka ile.