Pamba moja, vitabu viwili

Tangu msimu wa 2018, Serikali iliporudisha ununuzi wa pamba kupitia vyama vya msingi vya ushirika, mkulima wa Ngulyati amekuwa akipima mzigo wake AMCOS. Penye daftari na kompyuta pamoja, uzito huo huandikwa mara mbili: karani huandika kwa kalamu na kukata stakabadhi, kisha mwenzake huingiza takwimu hizo kwenye mashine ili malipo yaandaliwe.

Tatizo huanza vitabu hivyo vinapotofautiana. Tuseme karani ameandika kilo 384, kwenye kompyuta zikaingia 348. Hakuna aliyeiba, tarakimu zimebadilishana nafasi tu. Lakini kwa bei ya shilingi 1,000 kwa kilo, mkulima amepoteza shilingi 36,000. Mara nyingi masahihisho ndiyo huharibu zaidi. Mmoja anafuta kwenye daftari, mwingine anabadilisha kwenye kompyuta kwa namba aliyotajiwa kwa mdomo, na kila mmoja anaamini chake ndicho sahihi.

Watengenezaji wa programu za kompyuta wanaijua adha hii. Kazi yao huitunza katika mifumo inayoonyesha nani kabadili nini na lini. Ofisi moja ikiwa na mifumo miwili, mathalani Subversion wa zamani na Git ulioanza mwaka 2005, njia iliyo salama ni kuufanya mmoja kuwa mkuu na mwingine unakili tu. Wakiandika kotekote, migongano haiishi.

Kwa maoni yangu, hapa kwetu mkuu awe daftari. Najua wataalamu wenzangu watacheka, lakini daftari ndilo mkulima analoliona na kulitia sahihi. Mizani ikishaunganishwa moja kwa moja na kompyuta, utaratibu ugeuzwe, ilimradi mkulima apewe karatasi iliyotoka humo humo. Tusisahau kwamba wakulima wa Kanda ya Ziwa walijenga ushirika wao miaka ya 1950, hadi kupata Victoria Federation ya Paul Bomani mwaka 1955, kwa sehemu kubwa kwa sababu hawakuiamini mizani ya wanunuzi.

Namba ya stakabadhi iingizwe kotekote. Kosa lisifutwe, bali likatwe kwa mstari mmoja, uzito sahihi uandikwe chini yake, na karani na mkulima watie sahihi. Kila jioni kabla ya kufunga ghala, vitabu visomwe pamoja, stakabadhi moja baada ya nyingine. Kulinganisha jumla peke yake hakutoshi, kwa kuwa kilo 36 zilizopungua kwa mmoja huweza kufichwa na kilo 36 zilizozidi kwa mwingine. Kazi hiyo itachukua saa moja au zaidi wakati wa msongamano, na karani alipwe kwa saa hiyo.

Mkulima naye asitupe stakabadhi kabla ya kuilinganisha na fedha zilizoingia kwenye simu au benki, akikumbuka makato ya pembejeo. Zisipolingana, aende AMCOS wiki hiyo hiyo, karani aliyepima akiwa bado yupo.