Msituweke kwenye "Mengineyo"

"Mengineyo" ni neno la mtu aliyechoka kupanga. Hapa Chita tunalijua kutoka kwenye fomu. Zikishataja mkulima, mwajiriwa na mfanyabiashara, fundi simu wa chini ya mwembe anaambiwa aweke vema hapo mwisho. Neno hilohilo limo ndani ya Linux, na huko linatugharimu zaidi.

Kerneli ndiyo kiini cha mfumo endeshi, inayozungumza na diski, kadi na flashi. Kabla ya kuijenga kutoka kwenye msimbo wake unafungua menyu ndefu, na kila kipengele unakijibu: ndiyo, hapana, au moduli, yaani kikae pembeni kiitwe kikihitajika. Sehemu ya mifumo ya faili ndiyo inayoamua kompyuta itaweza kusoma nini.

Mtu atauliza: nani Chita anajenga kerneli? Ni yule anayeishi na mashine ambazo mjini zimeshatupwa. Ubuntu waliacha kutoa toleo la mezani la biti 32 mwaka 2017. Debian 13 ilitoka Agosti 2025 bila kerneli wala kisakinishi cha mashine hizo. Kompyuta mpakato ya zamani bado inawaka, lakini anayetaka kerneli mpya ajijengee. Msimbo wenyewe, hata ukibanwa, unazidi megabaiti 100. Hiyo ni bando, na kila kosa linakula saa za umeme.

Sasa tazama menyu ilivyopangwa. Imefuata ukoo. Kuna kichwa kilichoandikwa DOS, FAT, EXFAT na NT, watoto wa nyumba ya Microsoft. Lakini kadi yenye video za harusi ninayoletewa haijaandikwa exFAT, imeandikwa SDXC. Kwa viwango vya kadi hizo, mfumo wake ni exFAT, na Linux ina dereva wake kamili tangu kerneli 5.7 ya mwaka 2020. Dawa ipo kabatini, ila kibandiko kinataja kiwanda na hakitaji ugonjwa. Muuza vipuri wa Ifakara akipanga duka lake hivyo, wateja watahamia duka la pili.

Mbaya zaidi ni "mifumo mingineyo". Humo kuna mifumo ya kompyuta za Amiga na Acorn, mashine ambazo wengi wetu hatujapata kuziona. Humohumo kuna squashfs, inayobeba programu za ruta nyingi ndogo, na EROFS, iliyomo kwenye simu nyingi za Android. Wazee waliostaafu na vijana walio kazini wamelazwa chumba kimoja, na mlango una swichi moja: jibu "hapana" kwenye kichwa, vyote vilivyomo vinazimika.

Kisha, karibu na mwisho wa orodha, kuna menyu ya lugha. Ukichagua VFAT na usichague huko chini jedwali la herufi inalolitegemea, kerneli inajengwa bila kunung'unika. Siku ya kuchomeka flashi, inakataa: jedwali cp437 halipatikani. Hilo ni jedwali la kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Kiswahili kinaandikwa chote kwa herufi za msingi zilizomo katika kila jedwali, hata ng' ya ng'ombe. Lugha isiyohitaji jedwali lolote la ziada inazuiwa mlangoni kwa kukosa jedwali la Wamarekani.

Najua majibu. "Kuna kitufe cha kutafuta." Kipo, nacho kinamsaidia anayelijua jina tayari. "Kupanga upya kutaharibu kazi za watu." Hapana: kipengele kikihamishwa kutoka menyu moja kwenda nyingine jina lake la ndani halibadiliki, na faili la mipangilio la zamani linasomeka vilevile. "Hakuna mwenye muda wa kugusa orodha." Muda wa kuiondoa ReiserFS ulipatikana, na kerneli 6.13 ilitoka Januari 2025 bila hiyo. Wanaoweza kufukua kaburi wanaweza kupanga rafu.

Basi pangeni kwa kile mtu alichonacho mkononi: diski ya mashine, kadi na flashi, CD, mtandao, picha ya mfumo iliyobanwa, na rafu moja ya vizee yenye jina lake la kweli. Kwenye maelezo ya exFAT andikeni SDXC. VFAT ikichaguliwa, ijichukulie jedwali lake, au angalau menyu itoe onyo kabla ya ujenzi kuanza. Na neno "mengineyo" lifutwe. Kilichomo ndani ya ruta ya jirani yangu kina kazi, na kazi hiyo ina jina.