MWANANCHI NI NANI MBELE YA JAJI?

Ndugu wanachama, liko neno linalopigiwa makofi katika kila mkutano: "Wananchi wamekwisha sema, majaji ni nani hata wapinge?" Sisi tuzungukao matawini twalijua neno hilo. Tarehe 1 Septemba, 2017, Mahakama ya Juu ilipoufuta uchaguzi wa Rais, Rais mwenyewe alisimama katika soko la Burma, Nairobi, akawaita majaji wakora, na watu wakashangilia. Ni neno tamu, lakini lina mwiba.

Itazameni habari ya BBI. Rais Kenyatta na Bwana Raila Odinga walipeana mikono tarehe 9 Machi, 2018. Ikaundwa kamati, kamati ikazaa ripoti, ripoti ikazaa mswada wa kuigeuza Katiba: Waziri Mkuu, na majimbo ya ubunge 70 zaidi. Basi Katiba yetu ya 2010 ina milango miwili ya kuibadili. Kifungu cha 256 hupitia Bungeni. Kifungu cha 257 ni mlango wa raia: wapiga kura milioni moja hutia sahihi, kisha mabunge ya kaunti huulizwa. Wakubwa wakauacha mlango wao, wakapita wetu! Sahihi zilipita milioni. Mabunge ya kaunti zaidi ya 40 yakakubali, mengi yao katika Februari 2021, mwezi uleule ambao madiwani waliidhinishiwa ruzuku ya motakaa, shilingi milioni 2 kila mmoja. Hatusemi ni hongo. Twasema ni mwezi uleule.

Mahakama Kuu iliukataa mswada tarehe 13 Mei, 2021, na Mahakama ya Rufaa tarehe 20 Agosti. Zote mbili zilisema Katiba ina nguzo zisizong'oka kwa njia ya kawaida ya mabadiliko. Mahakama ya Juu, tarehe 31 Machi, 2022, haikukubali habari hiyo ya nguzo. Ilisema taratibu zilizoandikwa zatosha. Lakini juu ya mlango wa 257 majaji walio wengi walishika palepale: si njia ya Rais, ni ya mwananchi wa kawaida. Rais ana Bunge.

Kumbe kesi nzima ilikuwa juu ya neno moja, wananchi. Wakubwa walilisoma kama umati: penye sahihi nyingi na makofi, hapo ndipo walipo wananchi. Mahakama ililisoma kama ngao ya asiye na cheo.

Watu hutuambia majaji hawakupigiwa kura. Ni kweli. Lakini Katiba ilipigiwa, tarehe 4 Agosti, 2010, na watu zaidi ya milioni 6 walisema Ndiyo. Jaji anaposoma Kifungu cha 257 anazisoma kura zile. Mkutano wa juzi, hata ujae uwanja, hauwezi kuzifuta.

Wala tusidhani makelele hayafiki mahakamani. Mwezi wa Juni 2021, majuma machache baada ya hukumu ya kwanza, Rais aliteua majaji 34 akawaacha 6 waliopendekezwa pamoja nao. Wawili kati ya hao 6 walikuwa wameisikiliza kesi ya BBI. Haki tuiseme: ubishi wa orodha ile ulianza 2019, kabla ya hukumu. Lakini jaji kijana aliyetazama alijifunza nini? Walingoja mpaka Septemba 2022, Rais mwingine alipoingia, ndipo wakaapishwa. Mahakimu wakizoea kungoja hivyo, siku moja 257 itasomwa kama mwenye nguvu atakavyo, na hakuna atakayehitaji kuibadili Katiba hata herufi.

Kwa hiyo twawaomba makatibu wa matawi yote: karatasi nyingine ya sahihi ikiletwa, ya Serikali au hata ya viongozi wetu wenyewe, isipokelewe kabla Kifungu hicho hakijasomwa kwa sauti mbele ya wanachama, na mletaji aulizwe ni nani aliyelipia uchapaji.