Anayeketi Mbele Ndegeni Alipe Zaidi

Bila shaka mnaukumbuka ule mjadala wa chama chetu muhula uliopita: je, kodi ya usafiri wa ndege iongezwe ili moshi upungue? Wapinzani walishinda, tena kwa kishindo. Mimi nilikuwa upande wa watetezi, na kengele ililia kabla sijafika kwenye hoja yenyewe. Ndiposa nimemwomba mhariri nafasi hii niyamalize.

Wapinzani walisema ndege ndiyo unga wetu. Ukipandisha nauli, mgeni atabaki kwao Ulaya na Diani itakuwa mahame. Hapo sicheki. Kaka yangu mkubwa ni mpishi katika hoteli moja kule Diani, na karo yangu yatoka katika mshahara wake. Machi 2020, korona ilipoifanya serikali kusimamisha ndege za abiria kutoka nje, kaka alirudi Vanga na begi moja mkononi. Alivua na baba miezi mingi. Anga lilifunguliwa tarehe 1 Agosti mwaka huo, lakini kazi haikurudi siku hiyo, wala mwezi huo. Kwa hivyo msinidhanie kuwa mimi ni adui wa watalii.

Lakini hebu njooni kwetu wakati wa bamvua. Maji hupita mikokoni yakaingia mitaani, yakafika hadi uani petu, na mama huinua gunia la mchele juu ya kitanda. Bahari inapanda kwa sababu dunia inapata joto. Sisemi ni ndege peke yake, la hasha. Moshi wa ndege ni kama asilimia 2.5 tu ya hewa ya kaboni inayotolewa na binadamu. "Tu," alisema mpinzani mmoja wa Kidato cha Tatu, na watu wakapiga makofi. Aliyesahau kusema ni kwamba watu wengi duniani hawapandi ndege hata mara moja kwa mwaka. Mimi sijapanda kabisa. Ndege naiona tumbo tu.

Sasa tazameni jambo hili. Baba akinunua petroli ya mashine ya boti, ndani ya kila lita mna kodi, na hakuna anayemuuliza kama samaki walipatikana. Ndege kubwa inayotoka ng'ambo haitozwi kodi ya mafuta hata senti. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, pamoja na mapatano ya nchi kwa nchi yaliyoufuata, uliyasamehe mafuta ya safari za kimataifa. Mvuvi wa Vanga analipa, na anayeruka bara hadi bara amesamehewa! Wallahi sijaona haki ya namna hiyo.

Mtu ataniambia tuna mikoko. Naam, tunayo, na twajivunia. Wenzetu wa Gazi walianza Mikoko Pamoja mwaka 2013, wakaulinda msitu wa hekta 117 na kuuza kaboni yake, na fedha zikaleta maji na vitabu vya shule. Nasi wa Vanga, Jimbo na Kiwegu tukafuata. Lakini pigeni hesabu. Mikoko ile ya Gazi huhesabiwa tani 3,000 hivi za kaboni kwa mwaka. Mtu mmoja akitoka London kuja Mombasa na kurudi, kwa kiti cha kawaida, anatoa tani moja hivi. Maana yake, jasho la kijiji kizima mwaka mzima linafuta watalii elfu tatu, yaani ndege kumi zilizojaa. Kumi! Tena mnunuzi wa kaboni hununua akipenda. Mwaka asipopenda, hatuna la kumfanya.

Isitoshe, kodi hii si jambo geni. Uingereza ilianza kuwatoza abiria wake mwaka 1994, na siku hizi anayepaa kutoka London kuja Kenya hulipa zaidi ya pauni 80, wa daraja la juu zaidi ya maradufu. Mbona Waingereza bado wanaonekana ufuoni Diani? Tatizo ni kwamba fedha hizo zaingia hazina ya kwao. Ananunuliwa nani jembe la kupandia mikoko?

Juni 2025, huko Sevilla, Uhispania, Kenya ilijiunga na Ufaransa, Barbados, Somalia na nchi nyingine kadhaa kutaka wa daraja la juu na wenye ndege zao binafsi walipe zaidi, ili fedha zisaidie mambo ya tabia nchi. Mimi naunga mkono kwa mikono miwili. Kiti cha kulala huchukua nafasi ya watu watatu hivi, basi na alipe kama watu watatu. Mtalii wa kawaida, aliyejiwekea akiba mwaka mzima aje aone pomboo wa Wasini, aachwe.

Likizo nilimsomea kaka maneno haya, kwani yeye ndiye angeumia kama nimekosea. Alicheka. Akasema wale wa kiti cha mbele hata bei ya chumba hawaiulizi, huuliza kama kuna kamba wakubwa. Halafu akaacha kucheka, akaniuliza, "Na hizo pesa zitafika Vanga, ama zitaishia Nairobi?"

Hilo hata wapinzani hawakuliuliza. Jibu langu ni kwamba sheria yenyewe iandike fungu la vijiji vya pwani, kwa kiasi kinachojulikana, lisomwe hadharani barazani kila mwaka kama wanavyosomewa wenzetu wa Gazi mapato ya mikoko yao. Bila fungu hilo, mjadala ukirudiwa, nitahamia kwa wapinzani.