Kiti Kinachoufaa Mwili ni Sehemu ya Tiba



Kiti cha magurudumu kinapofika katika kijiji cha milimani kama vile vya Shighatini, watu hushangilia, nao wana sababu. Lakini yafaa tujiulize: je, kiti hicho kinaufaa mwili wa atakayekikalia? Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye shingo yake haijakaza, akiwekwa katika kiti kipana cha mtu mzima huteleza na kujipinda. Hulishwa kwa shida, na chakula huweza kupita njia ya hewa. Mtu aliyeumia uti wa mgongo hahisi maumivu anapokalia kitambaa kitupu. Hupata vidonda vya mgandamizo, na vidonda hivyo huweza kumwua.

Vinavyozuia madhara hayo vinajulikana: mto maalumu wa kukalia, vishikizo vya ubavuni, kiegemeo cha kichwa, mkanda wa nyonga, na mahali pa kukanyagia palipopimwa urefu wa miguu. Hivyo si mapambo ya kiti. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha ya vifaa 50 vya lazima kwa watu wenye ulemavu na wazee, liliandika kiti chenye vishikizo vya mwili kama kifaa kinachojitegemea, mbali na kiti cha kawaida. Tangu mwaka 2008 shirika hilo lilikwisha kueleza kwamba huduma ya kiti ina hatua 8, zikiwamo kumpima mtu, kukirekebisha kiti kimkae sawasawa, kumfundisha yeye na mlezi wake, na kufuatilia na kukarabati.

Basi nani alipe? Tangu kuchangia gharama za matibabu kuanze nchini mwaka 1993, mkulima amezoea kuulizwa fedha kabla ya dawa. Bima ya Taifa ilipoanza kazi mwaka 2001, ilianza na watumishi wa serikali. Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioboreshwa mwaka 2018, ulikubali katika mikoa mingi mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, lakini huduma zake ziliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Nasi twajua kwamba utaalamu wa vifaa vya viungo, kwa watu wa Upare, uko KCMC mjini Moshi, ambako chuo cha mafundi wa vifaa hivyo kimekuwapo tangu mwaka 1981. Ujuzi u karibu kwa ramani, lakini mbali kwa mama anayembeba mtoto mgongoni kushuka hadi Mwanga akatafute gari.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Tunaiunga mkono. Hata hivyo, neno "wote" hupimwa kwa kitita cha mafao. Kisichotajwa humo kwa jina hakina bei, na kisicho na bei hakiandikwi katika ankara. Familia huambiwa ikatafute yenyewe. Kwa sababu hiyo tunadai vishikizo vya mwili vitajwe kimoja kimoja. Kumpima mtu, kurekebisha na kukarabati kuhesabiwe kuwa huduma zinazolipwa. Kiti cha mtoto kibadilishwe kadiri anavyokua. Na mafundi wapandishwe milimani kwa zamu, katika hospitali kama ya Usangi, badala ya kila mlemavu kushushwa Moshi.

Wako watakaosema kwamba fedha za mfuko zina kikomo. Ni kweli. Lakini mfuko huo huo hulipia kitanda, dawa na upasuaji pale kidonda kinapofika mfupani. Kulipia mto mapema ni kutumia fedha za wanachama kwa busara. Tena si suala la hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga sheria yake. Mkataba huo unaahidi vifaa vya kujongea kwa gharama ambayo mtu aweza kuimudu.

Tunawasihi, kila jumuiya iandike majina ya watu wake wanaotumia kiti au wanaokihitaji, kwa ridhaa yao au ya wazazi, na kueleza kila mmoja anakosa nini. Orodha hiyo ipelekwe kwa diwani, mbunge na mganga mkuu wa wilaya, nao waulizwe waziwazi kitita kinasema nini. Anayetaka kutoa kiti kwa sadaka na atoe, ila kwanza amwulize fundi, na kabla ya fundi amwulize mwenye kukikalia. Yeye ndiye ajuaye mahali panapomuuma, na katika kikao chochote kitakachojadili jambo hili, astahili kuwa wa kwanza kusema.