Mguu Uliovimba Usifichwe

Katika makanisa yetu wako watu wenye matende ambao hawaketi tena mbele. Wanachelewa kwa kusudi, wanakaa karibu na mlango, na Meza ya Bwana ikiandaliwa wanaondoka, kwa kuwa wanaona haya kwa harufu ya mguu wao. Wameambiwa ya kuwa wamerogwa. Mimi nasema maneno hayo yamewadhuru kuliko ugonjwa wenyewe.

Mwilini mwako kuna mishipa ya damu, tena kuna mishipa mingine myembamba sana inayokusanya maji yaliyobaki katika nyama na kuyarudisha katika damu. Moyo hauyasukumi maji hayo; yanasogea unapotembea na unapopumua. Mbu huleta wadudu kama uzi, nao hukaa katika mishipa hiyo na kuiharibu. Maji yakikosa njia, mguu hujaa. Kisha vijidudu vya uchafu huingia penye nyufa za vidole, homa inapanda, na kila homa ikirudi mguu unazidi kuwa mkubwa.

Kwa hiyo wembe hausaidii. Anayekuchanja ili atoe «maji mabaya» anawafungulia vijidudu mlango, nawe umemlipa mbuzi!

Dawa zinazogawiwa vijijini ni njema, uzimeze. Zinawaua watoto wa wadudu hao, ili mbu wasiwapeleke kwa jirani. Lakini mguu uliovimba zamani hauponi kwa dawa hizo. Unataka maji, sabuni na bande. Uoshe kila siku, ukaushe vizuri katikati ya vidole, uuinue unapoketi. Bande iwe ile isiyovutika sana. Anza kwenye vidole, panda mpaka goti, ukikaza zaidi chini na kulegeza juu. Ukikaza karibu na goti na kuacha unyayo wazi, umeyazuia maji yasipande. Kisha utembee: nyama inasukuma bande, bande inasukuma maji.

Mara ya kwanza ufungwe na mwuguzi. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi au vikigeuka rangi, fungua mara moja. Usifunge wakati mguu una homa. Tena ikiwa miguu yote miwili imevimba nawe unakosa pumzi, labda moyo ni mgonjwa. Uje hospitali kwanza.

Wengi hudhani kukanda ni lazima kuumize. Sivyo. Mdenmark mmoja, Emil Vodder, alionyesha kule Paris mwaka 1936 namna ya kuyaongoza maji haya kwa mkono mwepesi, kama mama anavyompaka mtoto mafuta. Hata mama aliyekatwa ziwa kwa sababu ya kansa, mkono wake ukivimba, husaidiwa kwa njia hii pamoja na kufungwa bande.

Sasa neno kwa wazee wa kanisa. Mtu akifa tunakusanya sadaka upesi. Mbona hatukusanyi ya sabuni na bande? Bibi asiyeweza kuinama aufikie mguu wake anahitaji mikono ya mtu kila siku, wala si kazi ya wanawake peke yao. Chagueni vijana wawili, waje hospitalini wafundishwe kuosha na kufunga. Na yule aketiye karibu na mlango, mwulizeni kwanza, kwa faragha, kama anapenda kusaidiwa.