Nyama ya Sikukuu Haina Ghala Mwilini

Imeenea imani kwamba mtu akila nyama tele siku ya sikukuu, mwili wake hujiwekea akiba ya protini ya wiki nzima. Imani hiyo haina msingi.

Protini huanza kuvunjwa tumboni kwa asidi na kimeng'enya kiitwacho pepsini. Kazi hiyo hukamilishwa katika utumbo mwembamba. Hapo hupatikana asidi amino, ambazo huingia katika damu na kupelekwa kwanza kwenye ini. Mwili huzitumia kujengea misuli, damu na vimeng'enya. Zinazozidi mahitaji hazina ghala, kama yalivyo nalo mafuta chini ya ngozi. Ini huziondolea naitrojeni na kuifanya yurea, nayo figo huitoa katika mkojo. Masalio huchomwa kuleta nguvu, au hugeuzwa kuwa sukari au mafuta.

Kwa hiyo ugali na maharagwe ya kila siku hufaa kuliko mnofu mkubwa wa mara moja kwa mwezi. Mahindi yana upungufu wa laisini, ambayo imo kwa wingi katika maharagwe. Maharagwe nayo hupungukiwa methionini, na mahindi huifidia.

Shule za bweni hazina budi kulizingatia jambo hili. Kumfundisha kijana kwamba protini hujenga mwili, kisha kumpa uji mtupu asubuhi na ugali kwa mchicha jioni, huku akiahidiwa nyama siku ya kufunga shule, ni kulikanusha mezani somo lililofundishwa darasani.